Kuchagua mota, propela, ESC na betri ya ndege ya rimoti: mwongozo kamili kwa warushaji wa Mombasa

Swali la ndege za rimoti za umeme mara nyingi huja kinyumenyume: "Nimepata mota hii, niifungie ndege gani?" Mtu ameinunua kwa sababu bei ilikuwa nzuri, au kwa sababu binamu alikuwa anarudi kutoka Dubai na begi lina nafasi. Kisha anatafuta betri yoyote inayoingia, propela yoyote iliyopo na ESC (kifaa kinachoulisha mota umeme wa betri) ya kuazima. Ndege inaruka Jumamosi, na Jumapili mota inatoa harufu ya waya ulioungua.

Mpangilio unaofaa huanzia upande wa pili. Kwanza uzito wa ndege na kazi unayotaka ifanye. Hapo unapata wati. Kutoka kwenye wati unapata volti na ampea, kisha unachagua propela, na baada ya propela ndipo unauliza mota ipi itaizungusha. ESC na betri hufuata zenyewe bila ubishi mwingi.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: ndege ya kujifunzia ya ubao wa foamu, bawa limekaa juu ya bodi, urefu wa bawa kutoka ncha hadi ncha mita 1.2, na upana wake kutoka mbele hadi nyuma sentimita 25. Eneo la bawa ni desimita za mraba 30. Hesabu zote nimezipiga kwa hali ya pwani, maana maelezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na hata ya wenzetu wa Nairobi yanahitaji kurekebishwa kabla hayajavuka daraja la Makupa.

Hatua ya 1: Pima uzito

Uzito unaohesabika ni ule wa ndege ikiwa tayari kuruka, na betri ndani. Mizani ya jikoni inatosha. Kama bado unajenga, pima vipande ulivyo navyo na ukadirie vilivyobaki. Kwa ndege yetu: bodi, bawa, gundi na utepe gramu 650, servo nne ndogo (mota za kusogeza usukani) na risiva (kipokezi cha rimoti) gramu 60, magurudumu na vyuma vya kushikilia mota gramu 80, mota, ESC, propela na betri pamoja gramu 310. Jumla ni kilo 1.1.

Kuwa mkali na gundi. Watu hupoteza usiku mzima wakilinganisha mota mbili zinazopishana gramu kumi, na huku wamemimina gundi ya moto gramu mia kwenye viungo.

Ukishapata uzito, ugawanye kwa eneo la bawa. Gramu 1,100 kwa desimita 30 ni kama gramu 37 kwa kila desimita ya mraba. Namba hii ndiyo inayokueleza kasi ya chini kabisa ambayo bawa bado linaweza kuibeba ndege. Chukua kipeuo cha pili chake (namba ambayo ikizidishwa yenyewe inarudisha 37), zidisha kwa 4.5, upate kilomita kwa saa. Kipeuo cha pili cha 37 ni kama 6.1, kwa hiyo ndege hii itaacha kubebeka ikishuka chini ya kilomita 27 kwa saa. Andika namba hiyo kando, tutairudia kwenye propela.

Hatua ya 2: Geuza uzito kuwa wati

Wamarekani wana kanuni ya zamani ya kuhesabu wati kwa ratili: wati 100 kwa ratili moja kwa ndege ya michezo ya kawaida, yaani takriban wati 220 kwa kilo. Ni wati zinazotoka kwenye betri, yaani volti mara ampea. Kiasi kinachofika kwenye shafti ni pungufu, kwa kawaida kama robo tatu, na kinachobaki kinageuka joto.

Ndege nyepesi inayoelea, au glaida yenye mota ya kuipandisha tu, huridhika na wati 110 hadi 150 kwa kilo. Ya kujifunzia yenye magurudumu inataka 150 hadi 200. Ya kupinduka na kuzunguka angani inataka 220 hadi 280. Zile zinazoning'inia wima kwenye propela zao zinaanzia 330 kwenda juu, na hapo kila gramu ina kesi ya kujibu.

Kwa ndege yetu nachukua 200 kwa kilo, kiwango cha juu cha daraja lake. Sababu ni upepo wa kusi. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba unavuma kutoka baharini, na katikati ya mwaka huwa na nguvu kweli. Ndege ya kujifunzia iliyopewa wati 150 kwa kilo itaruka vizuri asubuhi ya Februari kwenye kaskazi, lakini Julai saa tisa alasiri itasimama hewani kama mwewe huku wewe umebana throto (kidhibiti cha nguvu ya mota) mpaka mwisho. Kilo 1.1 mara 200 ni wati 220.

Hatua ya 3: Seli ngapi?

Seli moja ya LiPo (betri ya lithiamu-polima) ina volti 4.2 ikijaa na 3.7 kwa wastani, na ikifanya kazi ngumu hesabu 3.6. Betri ya seli tatu, inayoandikwa 3S, itakupa basi kama volti 10.8 mota ikiwa inakula.

Wati 220 kugawa kwa 10.8 ni ampea 20. Hiyo ni sawa kabisa. Ninavyoona mimi, ampea zikipita 40 ongeza seli badala ya kununua waya mnene. Ndege ya kilo 2.5 inayotaka wati 550 itakula ampea 51 kwa 3S, ampea 38 kwa 4S, na 25 tu kwa 6S. Kazi ni ileile, lakini joto linalopotea kwenye waya huongezeka kwa mraba wa ampea: ukipunguza ampea kwa nusu, joto hilo linabaki robo.

Kwa anayeanza, hata hivyo, baki kwenye 3S. Betri zake zinapatikana kwa urahisi, chaja ya bei nafuu inazimudu, na rafiki atakuwa nayo ya kukuazima ukiwa uwanjani.

Hatua ya 4: Propela

Hapa ndipo penye mambo, na hapa ndipo wengi wanapopita mbio.

Propela huandikwa namba mbili kwa inchi. 10x5 ina kipenyo cha inchi 10 na pichi ya inchi 5. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inaingia kwenye kitu kigumu bila kuteleza, mfano wa skrubu kwenye mbao. Kipenyo kikubwa hukupa msukumo, pichi kubwa hukupa kasi, na zote mbili hulipwa kwa ampea.

Malipo yenyewe hayapandi taratibu. Kwa mizunguko ileile, nguvu inayohitajika hupanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Toka inchi 10 uende 9 na mzigo unashuka kwa kama theluthi moja. Toka 10 uende 11 na mzigo unapanda kwa karibu nusu. Kwa hiyo anayekwambia "weka tu ya 11, tofauti ni inchi moja" hajawahi kulipia mota yako. Pichi ni ya upole zaidi: ikiongezeka kwa sehemu ya tano, mzigo nao huongezeka kwa kiasi kama hicho.

Sasa rudi kwenye zile kilomita 27 kwa saa. Kasi ya pichi, yaani ile ambayo propela ingeisukuma ndege kama isingeteleza hata kidogo, iwe mara mbili na nusu hadi mara tatu ya kasi hiyo. Kwa ndege yetu ni kati ya kilomita 68 na 81 kwa saa. Kuikokotoa ni rahisi: mizunguko kwa dakika, mara pichi kwa inchi, mara 0.00152.

Ukifungua jedwali la majaribio ambalo watengenezaji wengi wa mota huweka kwenye kurasa zao, tafuta mstari wa 3S wenye wati karibu na 220. Utakuta 10x5 ikizunguka kama mara 8,900 kwa dakika, au 9x6 ikizunguka kama 9,900. Ya kwanza inatoa kasi ya pichi ya kilomita 68 kwa saa na msukumo wa zaidi ya kilo moja. Ya pili inatoa kilomita 90, lakini msukumo unapungua hadi gramu mia nane au tisa. Wati ni zilezile, tabia ya ndege ni tofauti kabisa.

Nani ashinde? Kwa asubuhi tulivu, na kwa mtu anayejifunza kutua, 10x5. Inapandisha ndege haraka, na ukipunguza throto inaishika vizuri ishuke. Kwa msimu wa kusi, 9x6. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukikupiga usoni, ndege yenye kasi ya pichi ya 50 inasogea mbele kwa shida, maana kasi yake halisi ni chini ya hiyo. Upepo ukizidi hapo, inasukumwa nyuma kuelekea minazi na mapaa ya watu wa Nyali. Mimi hupendekeza kununua zote mbili kwa pamoja, na mota itakayozimudu zote.

Kuna jambo jingine linalohusu aina ya propela. Zile pana, nyembamba na laini zinazouzwa kwa ndege za polepole, kama 10x4.7 zenye herufi SF (Slow Flyer), hazikutengenezwa kwa mizunguko mikubwa. APC, watengenezaji wa propela, huweka kikomo chake wazi: kwa propela zao za Slow Flyer gawanya 65,000 kwa kipenyo, kwa Thin Electric gawanya 150,000. Slow Flyer ya inchi 10 inaishia basi mizunguko 6,500 kwa dakika. Kwenye ndege yetu inayofika karibu 9,000, hiyo ni propela inayosubiri kurusha kipande chake kwenye uso wa mtu. Nimeona mapendekezo mengi ya kufunga 10x4.7 SF kwa mota ya Kv 1,000 (Kv tutaieleza kwenye Hatua ya 5) na 3S. Usiyafuate. Chukua propela iliyoandikwa E (Electric).

Na hewa yetu? Hewa ya Mombasa ni nzito kuliko ya Nairobi. Huku tuko usawa wa bahari, kule ni takriban mita 1,700 juu. Hata ukitilia maanani joto letu, mita moja ya ujazo hapa ina hewa zaidi kwa asilimia 15 hadi 18. Bawa linafurahia, ndege inatua polepole zaidi. Propela nayo inapata mzigo zaidi. Seti ambayo mwenzako wa Nairobi anaapa kuwa inakula ampea 27 na ESC ya 30 inatosha, ikifika hapa inaweza kupanda kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi na kuipita ESC hiyo. Ukiiga seti ya bara, shuka kipenyo kwa inchi moja kwanza, upime, ndipo uamue kuongeza.

Hatua ya 5: Kv na ukubwa wa mota

Kv ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Haihusiani na ubora wala nguvu. Ndiyo maana swali la "Kv ngapi ina nguvu zaidi" halina jibu. Mota ya Kv 2,200 inataka propela ndogo inayozunguka kwa fujo, ya Kv 700 inataka kubwa inayozunguka kwa utulivu.

Mota ikibeba propela iliyo sahihi, mizunguko hushuka hadi kama asilimia 75 hadi 80 ya Kv mara volti. Tunataka 8,900 kwa volti 10.8. Gawanya 8,900 kwa 10.8, halafu kwa 0.77, upate 1,070. Mota ya Kv 1,100 itaizungusha 10x5 kwa takriban 9,000 na 9x6 kwa takriban 9,500, ambayo ni kilomita 87 kwa saa kwa ampea chache kidogo. Mota moja, propela mbili, misimu miwili.

Ukubwa sasa. Kiashiria bora ni uzito, kwa sababu shaba, chuma na sumaku ndivyo vinavyobeba joto. Watengenezaji huandika mota zao zinaweza wati nne au tano kwa kila gramu, tena kwa sekunde chache kwenye maabara yenye kiyoyozi. Kwa pwani mimi hutumia wati tatu kwa gramu. Wati 220 kugawa kwa tatu ni mota ya gramu 70 hadi 75.

Namba zilizoandikwa ubavuni zinachanganya. Baadhi ya viwanda hupima sehemu ya ndani yenye nyaya, kwa hiyo 2216 ni kipenyo cha milimita 22 na kimo cha milimita 16. Vingine hupima ganda la nje, kwa hiyo 2836 inaweza kuwa mota ya ukubwa uleule. Ukilinganisha mota mbili, linganisha gramu na Kv, namba za jina ziache. 2216 ya Kv 1,100 yenye gramu 70 na ushei ndiyo tunayoitafuta.

Utasikia pia habari za ndege za feni ya ndani, zile zinazofanana na jeti. Zinataka wati nyingi zaidi kwa msukumo uleule, betri inaisha mapema na joto ni jingi. Achana nazo mpaka umezoea.

Hatua ya 6: ESC

ESC hupokea umeme wa betri na kuulisha mota kadiri ya throto yako. Chukua ampea za juu kabisa, zidisha kwa 1.3 hadi 1.5. Ampea 20 zinatupa 26 hadi 30, kwa hiyo ESC ya 30. Kama itafungiwa ndani ya foamu bila hewa, chukua ya 40. Tofauti ya uzito ni gramu chache.

Kinachosahaulika ni BEC, sehemu ya ESC inayotoa volti 5 kwa risiva na servo. Za bei rahisi hushusha volti kwa kuzigeuza joto. Betri ikiwa 12.6 na servo zikivuta ampea 2, hiyo ni wati 15 za joto ndani ya kifaa cha ukubwa wa kiberiti, juu ya joto la mota. BEC ikizidiwa inakata, risiva inazimika, na ndege inakuwa ya Mungu. Tafuta ESC iliyoandikwa kwamba BEC yake ni ya switching, yaani inayokata na kuunga umeme kwa kasi, na inatoa angalau ampea 3. Kwa servo nne hili ni la lazima kwa maoni yangu.

Ukihitaji nyaya ndefu zaidi, refusha zile tatu zinazokwenda kwenye mota. Nyaya za upande wa betri ziache fupi, kwani zikirefuka kapasita za ESC zinateseka na mwisho hufa.

Hatua ya 7: Betri

Ujazo tunautafuta kwa dakika. Angani hutabana throto mwisho muda wote, kwa wastani utakula kama nusu, yaani ampea 10. Betri ya mAh 2,200 (yaani ampea 2.2 kwa saa moja) tumia asilimia 80 tu, ambayo ni mAh 1,760. Kwa ampea 10 hiyo ni dakika 10 na nusu. Weka saa dakika nane, utue ukiwa na akiba ya kujaribu tena ikiwa mara ya kwanza umekosea njia.

C ni mara ngapi ya ujazo wake betri inaweza kutoa. Ampea 20 kwa betri ya 2.2 ni 9C. Kwa kuwa lebo nyingi zimetiwa chumvi, chukua nusu ya kilichoandikwa kuwa ndio ukweli. Iliyoandikwa 25C au 30C itatosha. Kununua 100C kwa ndege hii ni kubeba uzito na kulipia karatasi.

Njia ya haraka ya kugundua betri ya uongo ni mizani. 3S ya mAh 2,200 ya kweli inakuwa gramu 170 hadi 200. Ukipewa ya gramu 120 yenye lebo hiyo, mrudishie mwenyewe kwa adabu.

Plagi: XT60 kwa seti hii. XT30 ni ya ndege ndogo zaidi, na hapa pwani plagi zinashika kutu na upinzani unaongezeka, kwa hiyo acha nafasi. Unapolehemu, waya na plagi vyote viwe na moto wa kutosha risasi iingie yenyewe. Lehemu yenye vinundu vya kijivu itaachia siku mbaya.

Kama betri inaletwa na ndugu kwa ndege ya abiria, iende kwenye begi la mkononi na ncha zake zizibwe kwa utepe. Mashirika huruhusu betri zisizozidi wati-saa 100, nayo yetu ina kama 24 tu, ila LiPo ya akiba haikubaliki kwenye mizigo ya chini.

Chaji kwa 1C, yaani ampea 2.2, na waya wa kusawazisha seli ukiwa umechomekwa. Usiiache ikichaji ukaenda msikitini au dukani. Chungu cha udongo kutoka Kongowea ni kasha zuri la kuchajia na kuhifadhia, mradi kimekaa kwenye sakafu ya saruji mbali na mapazia. Kama hurushi ndani ya siku mbili tatu, ishushe hadi volti 3.8 au 3.85 kwa seli. Betri iliyoachwa imejaa kwenye chumba chenye joto la Machi huvimba ndani ya wiki chache. Iliyoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani kando ya Mama Ngina huvimba siku hiyohiyo, ikiwa na bahati.

Hatua ya 8: Pima chini kabla hujapanda juu

Nunua watimita. Ni kifaa cha bei ya propela chache, na bila hicho yote tuliyohesabu ni makisio. Inakaa kati ya betri na ESC.

Unapofunga mota mara ya kwanza, propela isiwepo. Iwashe, uisanifishe ESC na rimoti yako ili ijue mwisho na mwanzo wa throto, angalia mota inakozunguka. Ikizunguka kinyume, badilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu. Sasa vaa propela, kaza nati. Mwenzio aishike ndege kwa nyuma, au uifunge kwenye mguu wa meza. Kaa nyuma ya propela, kamwe usikae mbele yake wala ubavuni. Tofauti na injini ya mafuta, mota ya umeme ikikutana na kidole haizimiki, inaendelea kukata.

Betri iwe imejaa. Panda throto pole hadi mwisho, subiri sekunde kumi, soma ampea, volti na wati, shusha. Hewani ampea zitashuka kidogo kwa sababu propela inapokea hewa inayokuja, kwa hiyo kilichosomwa chini ndicho kikomo chako cha juu.

Ukisoma ampea 20 hadi 22, umefika. Ukisoma 27, shuka hadi 9x5 au 9x6, usijaribu kuomba dua. Ukisoma 14, una nafasi ya kupanda pichi au kipenyo, kimoja kwa wakati. Volti zikianguka chini ya 10 wakati huo, betri ndiyo dhaifu, mota haina kosa.

Kisha gusa mota baada ya dakika moja ya throto ya katikati. Ukiweza kuishika kwa sekunde tano bila kuondoa mkono, ni salama. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, na nguvu hiyo hairudi ikipoa. Mota iliyopikwa mara moja itakula ampea nyingi kuliko awali na kupata moto haraka zaidi, mpaka siku itakayomaliza ESC pia. Toboa tundu la hewa mbele na la kutokea nyuma, la nyuma liwe kubwa mara mbili, ili hewa iliyopata moto itoke bila kuzuiliwa.

Chumvi na mchanga

Ufukweni maji yakipwa panavutia sana: uwanja mpana, hakuna nyaya za stima. Lakini mchanga huingia kati ya sumaku na nyaya, na ule wenye chembe za chuma hung'ang'ania humo. Tua kwenye nyasi ukiweza, au ndege ivae tumbo laini na usimamishe mota kabla haijagusa chini. Chembe zikiingia, zitoe kwa utepe wa gundi.

Mota huvumilia maji kuliko watu wanavyodhani. Ikianguka baharini, isuuze kwa maji baridi ya bomba, ikaushe, tia tone la mafuta kwenye kila beringi. ESC isuuze vilevile, kisha kwa spiriti, iache siku mbili kabla ya kuijaribu. Betri iliyolowa maji ya chumvi iweke nje mbali na nyumba, uiangalie, na ikivimba au kunuka usiichaji tena. Hata bila kuanguka, hewa ya hapa yenyewe hula shafti na beringi, kwa hiyo tone la mafuta kila mwezi na kitambaa chenye mafuta kidogo kwenye shafti ni kazi ya lazima.

Siku ya kwanza

Kenya ina kanuni za 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, na msimamizi wake ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Waulize kuhusu kibali chako na mahali unapokusudia, maana Uwanja wa Ndege wa Moi uko karibu na sehemu kubwa ya mji, na kambi ya wanamaji ya Mtongwe si jirani wa kufanyia majaribio.

Nenda alfajiri, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu. Angalia uzito umekaa mahali pake kwa kusogeza betri mbele au nyuma, usiongeze risasi kama betri inaweza kufanya kazi hiyo. Rusha dakika nne, utue, acha betri itulie dakika chache, pima kila seli. Ikiwa bado iko juu ya 3.85, ongeza dakika mbili kwenye saa. Ikiwa kati ya 3.75 na 3.8, baki hapo. Ikiwa chini ya 3.7 baada ya dakika nne, unakula zaidi ya ulivyohesabu: rudisha watimita, na uvae ile 9x6.